Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Kiasi Gani?

Tarehe 21 Januari 2020 Larry Walker, mchezaji wa besiboli aliyestaafu, alikuwa akisubiri simu, amevaa shati lenye picha za SpongeBob, yule katuni wa watoto. Shati hilo halikuwa la mtu anayetarajia kupigwa picha za kihistoria. Mapema siku hiyo alikuwa ameshawaandikia wafuasi wake mtandaoni kwamba anahisi atapungukiwa kidogo. Hiyo ilikuwa mara yake ya kumi, na ya mwisho, jina lake kupigiwa kura na waandishi wa habari za besiboli wa Marekani, ambao ndio wanaoamua nani aingie katika Jumba la Mashuhuri kule Cooperstown, New York. Kura zilizopigwa zilikuwa 397. Alihitaji 298. Simu ikalia: amepata 304.

Kura sita za ziada, baada ya miaka kumi. Mara ya kwanza, mwaka 2011, alipata asilimia 20. Mwaka 2014 akaporomoka hadi asilimia 10, na wengi wakaona habari yake imekwisha. Katika miaka yote hiyo hakushika gongo hata mara moja. Alikuwa amestaafu tangu 2005 na hesabu zake zimefungwa, haziongezeki wala hazipungui. Kilichobadilika ni namna watu walivyozisoma hesabu hizo, na ugomvi wote ulihusu anwani. Walker alicheza karibu miaka kumi akiwa na Colorado Rockies, na Rockies wanacheza Denver.

Kwa msomaji ambaye besiboli ameiona kwenye filamu tu, haya yanatosha kwa sasa. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kwenye mzunguko wa vituo vinne. Akiumaliza mzunguko, timu yake inapata pointi moja. Akiupiga mpira ukapita juu ya uzio wa nje, anazunguka bila kusumbuliwa na mtu. Hiyo wanaiita homurani. Wastani wa kupiga wa 0.300 maana yake ni kwamba katika zamu 1,000 zinazohesabiwa, mara 300 alifika kituoni kwa pigo lake mwenyewe, na hiyo ni alama ya mchezaji mzuri sana. Siku hizi timu hucheza michezo 162 kwa msimu, nusu nyumbani na nusu ugenini.

Sasa lililo muhimu kwetu. Vipimo vya eneo la ndani vimewekwa na sheria: kutoka kituo hadi kituo ni mita 27 na nusu, popote pale. Lakini uzio wa nje kila mji unajichorea wenyewe. Viwanja vya zamani vilijengwa katikati ya miji iliyokwisha kujaa, vikafuata umbo la kiwanja kilichopatikana. Pale Boston, uwanja wa Fenway uliofunguliwa mwaka 1912 umebanwa na barabara upande wa kushoto, kwa hiyo ukuta uko karibu, mita 94 hivi, na kufidia ukaribu huo ukapandishwa hadi mita 11. Mpira ambao kwingine ungedakwa kwa raha, hapo unagonga ukuta na mpigaji anapata vituo viwili. Mpira mwingine uliopigwa kwa nguvu mara mbili, lakini chini chini, unagonga ukuta huohuo na kukosa kuwa homurani.

Tulipokuwa shule, uwanja wetu wa mpira wa miguu ulikuwa na mteremko. Mkuu wa timu akishinda kura ya shilingi hakuwa na haja ya kufikiri: tunaanza tukishuka. Kipindi cha pili tunapanda, na mungu anajua. Mpira wa miguu una busara hiyo ndani yake, ya kubadilishana magoli, na wala hatuitambui kuwa ni hesabu. Ni marekebisho ya uwanja, yaliyofanywa kwa miguu badala ya kalamu. Besiboli nayo ina haki ndani ya mchezo mmoja, kwa sababu timu zote mbili zinapiga kuelekea ukuta uleule na kuvuta hewa ileile. Dhuluma inaanza pale unapochukua jedwali la msimu mzima, ukampanga mtu wa Denver na mtu wa Los Angeles kwenye safu moja, kisha ukasema huyu ana 40 na yule ana 28, basi huyu ndiye mkali.

Denver iko maili moja juu ya bahari, sawa na mita 1,609. Katika uwanja wa Coors Field, uliofunguliwa mwaka 1995, kuna safu moja ya viti vya zambarau juu kabisa, katikati ya viti vya kijani, kuonyesha kimo hicho hasa. Kwa mtu wa Nairobi jambo hilo halitishi. Mji wake uko juu zaidi. Lakini kwa besiboli ya ligi kuu hakuna mwingine unaokaribia. Hewa ya Denver ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 15, na hewa nyepesi inauzuia mpira kidogo, kwa hiyo pigo lilelile linakwenda mita kadhaa mbele zaidi.

Waliojenga walilijua hilo na wakausogeza uzio mbali, mita 126 katikati. Hapo ndipo dawa ilipozaa ugonjwa wa pili. Uzio ukiwa mbali, eneo la nyuma linakuwa pana mno kwa wadakaji watatu walioachwa kulilinda. Mipira ikaanza kuanguka kwenye majani matupu mbele yao, na kupenya kati yao. Coors Field haukuwa uwanja wa homurani tu. Ukawa uwanja wa kila aina ya pigo. Na kuna la tatu, ambalo jukwaani halionekani: mrushaji hutegemea hewa kuupinda mpira. Anauzungusha kwa vidole, mzunguko unashikana na hewa, mpira unakata kona mbele ya mpigaji. Hewa ikiwa haba, kona inapungua, na mpira uliokusudiwa kuchimba chini unafika mnene, ulionyooka, kifuani mwa mpigaji kama zawadi.

Mwaka 1996 Rockies walifunga pointi 658 nyumbani. Ugenini, wachezaji walewale, idadi ileile ya michezo 81, walifunga 303.

Ni kwenye tofauti za namna hii ndipo wapenda takwimu walipoanzia, na njia yao ni nyepesi kuliko sifa yake. Kosa la kwanza ambalo mtu angefanya ni kuhesabu pointi zote zilizofungwa Denver na kusema uwanja huu ni mrahisi. Huenda timu ya Denver ina wapigaji hodari tu. Au warushaji wabovu. Kwa hiyo unahesabu pointi za pande zote mbili, wenyeji na wageni, katika michezo ya nyumbani, kisha unafanya hivyohivyo kwa michezo ambayo timu hiyohiyo imecheza ugenini. Wapigaji ni walewale, warushaji ni walewale, wapinzani kwa jumla ni walewale. Kilichobadilika ni mahali. Gawanya ya nyumbani kwa ya ugenini, na kinachobaki ni kigezo cha uwanja. Kwa Rockies wa 1996, nyumbani zilifungwa pointi kama 15 kwa mchezo ukijumlisha timu zote mbili, na ugenini chini ya 9. Kigezo ni kama 1.7. Kumbuka, huu ndio mchezo ambao kigezo cha 1.1 kinahesabiwa kuwa kikubwa.

Hatua inayofuata ndiyo inayosahaulika mara nyingi, hata na watu wanaopaswa kujua. Mchezaji wa Denver hachezi Denver msimu mzima. Nusu yuko njiani. Kwa hiyo ile 0.7 ya ziada unaigawa kwa mbili kabla hujagusa takwimu zake za mwaka. Anayesahau kugawa anamkata mtu mara mbili. Tena mwaka mmoja hautoshi, kwa sababu mwaka mmoja una upepo wake, joto lake na bahati yake. Wenye uangalifu huchukua wastani wa miaka mitatu au zaidi.

Bill James, aliyeanza kuchapisha vijitabu vyake vya takwimu mwaka 1977 huku akifanya kazi ya ulinzi wa usiku kwenye kiwanda cha maharage ya kopo huko Kansas, ndiye aliyewazoesha wasomaji wa kawaida hoja hizi. Pete Palmer naye alizipa mwili wa kihesabu, hasa katika kitabu alichoandika na John Thorn mwaka 1984. Kutoka kwa watu wa namna hiyo kikaja kipimo kinachoitwa OPS+, ambacho kinaunganisha uwezo wa mpigaji kufika kituoni na nguvu za mapigo yake, kisha kinarekebisha kwa ligi na kwa uwanja. Mpigaji wa wastani ni 100. Mwenye 120 ni bora kwa asilimia 20.

Wako wanaosikia neno "kurekebisha" wakadhani ni kumnyang'anya mtu alichochuma. Homurani aliipiga, watu waliiona, mpira ulitua kwa shabiki wa safu ya nane. Iweje mtu wa kalamu aifute? Haifutwi. Fikiria pointi kama shilingi. Mwenye laki tano kwa mwezi katika mji ambako chumba ni laki mbili, na mwenye laki tano katika kijiji ambako chumba ni elfu ishirini, wana noti zilezile na maisha tofauti kabisa. Hakuna aliyeiba noti ya mtu. Swali ni inanunua nini. Katika mchezo wa besiboli noti hununua ushindi. Denver ya 1996, pointi moja ilikuwa sehemu moja ya kumi na tano ya mchezo. Kwingine ilikuwa sehemu moja ya tisa. Pointi zilikuwa nyingi kwa hiyo zilikuwa rahisi, kama embe za mwezi wa Desemba.

Ushahidi wa zamani ulikuwepo muda mrefu, ila haukuwa na jina. Mwaka 1930 Philadelphia Phillies walikuwa na wastani wa kupiga wa 0.315 kwa timu nzima. Timu nzima! Walimaliza wa mwisho, wakishinda michezo 52 na kupoteza 102. Uwanja wao, Baker Bowl, ulikuwa na ukuta wa kulia mita 85 tu kutoka kwa mpigaji, ukuta mrefu wa bati, na warushaji wao waliruhusu pointi kama maji. Shujaa wao, Chuck Klein, mwaka 1933 aliongoza ligi kwa wastani, homurani na pointi alizoleta, yaani zile ambazo timu ilizipata kwa mapigo yake. Nyumbani alipiga 0.467. Ugenini, 0.280. Timu ya Chicago ikamnunua baada ya msimu huo, ikidhani inamnunua mtu, kumbe nusu ya ilichokilipia ni ukuta uliobaki Philadelphia.

Sasa turudi kwa Walker, kwa sababu bado sijamtaja mwenzake.

Mwenzake anaitwa Dante Bichette. Walicheza pamoja kuanzia 1995 hadi 1999, timu moja, uwanja mmoja, eneo moja la nyuma, hewa moja. Mwaka 1995 Bichette aliongoza Ligi ya National kwa homurani, 40, na kwa pointi alizoleta, 128, akapiga wastani wa 0.340. Alikaribia sana kutajwa Mchezaji Bora wa ligi. Alishika nafasi ya pili nyuma ya Barry Larkin wa Cincinnati. Ukizigawa zile homurani 40 kwa mahali, 31 alizipiga Denver na 9 alizipiga kwenye miji mingine yote ikijumlishwa. Nyumbani 0.377. Ugenini 0.300, ambayo si mbaya hata kidogo, ila mtu wa homurani 9 ugenini hakai kwenye mazungumzo ya Mchezaji Bora. Mwaka 1999 akapiga homurani 34 na kuleta pointi 133, namba ambazo ukimsomea babu yako atasimama kushangilia. Wanaojumlisha kila kitu, kupiga, kudaka, kukimbia na uwanja, walipomaliza hesabu walikuta thamani yake mwaka huo iko chini ya sifuri. Udakaji wake mbovu ulichangia sehemu kubwa. Maana yake timu ingeweza kumchukua kijana yeyote wa akiba na isipoteze kitu.

Walker alichaguliwa Mchezaji Bora mwaka 1997: wastani 0.366, homurani 49. Mashaka yakaja palepale. Denver! Basi zigawe na za huyu kwa mahali, kama ulivyozigawa za mwenzake. Homurani 20 alizipiga nyumbani. Ishirini na tisa alizipiga ugenini, na wastani wake ugenini ulikuwa 0.346.

Wapigakura waliojiona werevu, wanaojua habari za hewa nyepesi, walikuwa na haki ya kushuku. Ubaya ni kwamba waliishia kwenye kushuku. Waliona Denver wakakata kwa jicho, na jicho halina mizani. Walimkata Walker kisu kilekile walichomkatia Bichette. Ukitazama takwimu ghafi, watu hawa wawili wanafanana kiasi cha kuchanganya: Walker alimaliza maisha yake ya mchezo na wastani wa 0.313, Bichette 0.299. Ukitazama OPS+, ambayo tayari imekwisha kuipunguza Denver, Bichette ni 107 na Walker ni 141. Si uwanja peke yake uliowatenganisha. Walker alikuwa na subira ya kuachia mirusho mibaya ipite na kupewa kituo cha bure, jambo ambalo Bichette hakulipenda. Lakini angalia kilichotokea. Hesabu ambayo wengi waliiogopa kuwa ndiyo itakayommaliza Walker ndiyo iliyomwokoa. Kipimo kilekile kilichomtia hatiani mmoja kilimtoa mwingine.

Tena kuna jambo ambalo lingeonekana na mtoto wa darasa la tano kama angepewa karatasi. Kati ya michezo 1,988 aliyocheza Walker, ni 597 tu aliyoicheza Coors Field. Chini ya theluthi moja. Alianzia Montreal, akamalizia St. Louis, akaumia mara nyingi, na hata akiwa wa Rockies nusu ya muda alikuwa kwenye ndege. Ndiyo, kwenye hiyo michezo 597 alipiga 0.381, na hakuna anayesema hewa haikumsaidia. Kwingineko kote alipiga 0.282, kwa nguvu nyingi. Ubishi halali ni kuhusu kiasi.

Mahali hapasukumi kila kitu upande mmoja, na hilo wasomaji wa huku wanalijua kwa njia nyingine. Michezo ya Olimpiki ya 1968 ilifanyika Mexico City, mita 2,240 juu ya bahari. Hewa ileile haba ilimpa Bob Beamon mruko wa mita 8.90, rekodi iliyodumu zaidi ya miaka ishirini. Hewa hiyohiyo ilimwangusha Ron Clarke wa Australia, aliyekuwa anashikilia rekodi ya dunia ya mita 10,000 kwa dakika 27 na sekunde 39.4, akamaliza wa sita na kuanguka kwenye mstari. Mshindi alikuwa Naftali Temu wa Kenya, kwa dakika 29 na sekunde 27.4. Mtu akiusoma muda huo bila kujua ulikopatikana atasema Temu alikuwa mkimbiaji wa kawaida. Lilikuwa jasho la dhahabu, ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya. Kipchoge Keino naye akaja akawaacha wenzake mbali katika mita 1,500.

Riadha imechagua njia yake. Mbio fupi na miruko inayofanyika juu ya mita 1,000 huandikwa na herufi A kando ya matokeo, na basi. Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani mwezi Septemba 2021, rekodi ya Afrika, sekunde zake hazikuguswa. Herufi inamwambia msomaji: hapa ni juu, jua mwenyewe utakavyofikiri. Besiboli haikuridhika na herufi. Ina michezo 162 kwa kila timu kila mwaka, kwa hiyo ina data ya kutosha kuthubutu kutoa na kugawa. Siwezi kusema njia ipi ni ya adabu zaidi. Herufi haimdhulumu mtu, ila inamwachia kila shabiki kukata kwa jicho, na tumeona jicho lilivyomfanyia Walker.

Kigezo chenyewe hakijakamilika, na watu wake wa karibu ndio wa kwanza kukubali. Kasoro moja kubwa ni kwamba kinampa kila mpigaji punguzo moja, wakati ukuta hauwatendei wote sawa. Timu ya Dodgers ilipohamia Los Angeles mwaka 1958 haikuwa na uwanja wake, ikajibanza miaka minne kwenye uwanja mkubwa wa Olimpiki, ambao haukuundwa kwa ajili ya besiboli. Ili besiboli iingie, upande wa kushoto ulibaki mita 76 tu, wakaweka wavu wa karibu mita 13 kwenda juu. Upande wa kulia ulikuwa jangwa. Msimu huo wa kwanza zilipigwa homurani 193 pale, na 182 kati ya hizo zilipita kushoto. Kulia zilipita nane. Duke Snider, mpigaji wa mkono wa kushoto ambaye mipira yake ilikwenda kulia, alikuwa na homurani 40 mwaka uliotangulia huko Brooklyn. Goti lake lilikuwa linamsumbua pia, lakini msimu huo alimaliza na 15 tu. Kigezo kimoja cha uwanja kwa mwaka huo kingekuambia kwamba Los Angeles ilikuwa mahali pazuri pa homurani. Nenda kamwambie Snider.

Joe DiMaggio ni habari hiyo iliyogeuzwa. Alipiga kwa mkono wa kulia katika uwanja wa Yankees, ambao upande wake wa kushoto kuelekea katikati ulikuwa mrefu kupita kiasi, huku upande wa kulia ukiwa karibu, kama ulivyomfaa Babe Ruth, mpigaji wa mkono wa kushoto aliyemtangulia. Kati ya homurani zake 361, ni 148 alizopiga nyumbani na 213 ugenini. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema wazee, lakini DiMaggio alicheza kwao miaka 13 na kwao ndiko kulikomtoza kodi. Mel Ott, wa mtaa wa pili tu kwa jinsi New York ilivyo, alikuwa na uzio wa kulia mita 79 kutoka alipokuwa akisimama, naye alipigia kulia: homurani 323 nyumbani, 188 ugenini. Siku hizi wanaotaka uangalifu hutengeneza vigezo viwili, cha mkono wa kulia na cha kushoto, na kila aina ya pigo ina chake.

Kasoro nyingine ni ngumu zaidi kwa sababu imo ndani ya kichwa cha mpigaji. Mchezaji wa Rockies anazoea mipira isiyopinda sana. Anasafiri kwenda San Francisco, usawa wa bahari, na ghafla kona zimerudi. Macho yake yamechelewa. Wako wanaoshikilia kwamba kwa sababu hiyo takwimu za ugenini za wachezaji wa Denver ni ndogo kuliko uwezo wao, kwa hiyo ukigawa nyumbani kwa ugenini unaupa uwanja sifa ambayo sehemu yake ni uchovu wa macho. Hoja hiyo ina uzito. Bado wanabishana.

Na uwanja wenyewe haukai kimya. Fundi mmoja wa umeme wa Coors Field aliona buti zake za ngozi za kuwindia zimekauka na kujikunja, akafikiri: mpira wa besiboli nao ni ngozi. Mipira ilikuwa ikikauka ghalani katika hewa kavu ya Colorado, inakuwa myepesi na yenye kudunda zaidi. Kuanzia 2002 ikawekwa kwenye chumba chenye unyevu wa asilimia 50. Homurani 303 zilizokuwa zimepigwa katika uwanja huo mwaka 1999 hazikurudi tena. Ukimrekebisha mchezaji wa 2005 kwa kigezo cha 1999 unampunja, ingawa mlango, viti na mlima ni vilevile. Tangu 2022 viwanja vyote 30 vya ligi vina vyumba hivyo.

Nisisahau usiku wa tarehe 17 Septemba 1996. Msimu uleule wa pointi 15 kwa mchezo, kulikuwa na mvua na baridi Denver, na Hideo Nomo, Mjapani wa Dodgers, alirusha mchezo mzima bila mpigaji hata mmoja wa Rockies kupata pigo safi. Walker alikuwa majeruhi sehemu kubwa ya mwaka huo, lakini Bichette alikuwepo. Hadi leo hakuna mwingine aliyelifanya jambo hilo Coors Field. Hakuna kigezo kinachokuambia kitakachotokea Jumanne.

Mwezi Agosti 2004 Rockies walimpeleka Walker St. Louis. Alikuwa na miaka 37, shingo na magoti yakimlalamikia, na mji huo uko kama mita 140 tu juu ya bahari. Katika sehemu iliyobaki ya msimu alicheza michezo 44 akiwa huko. Alipiga homurani 11.